Uso wa Mke wa Kaneo

Jumatatu makumbusho yetu ya sanaa hufungwa, na Bi Tamae hufagia peke yake. Jumatatu ile alifika chumba cha pili na ufagio wake, akasimama mlangoni. Palinuka poda. Si poda ya watoto, wala haya marashi ya dukani. Ilikuwa ile poda nyeupe nzito ya kukandikwa shingoni, ambayo mabibi harusi wa zamani walipakwa mpaka mtu akashindwa kumtambua dada yake mwenyewe. Bi Tamae ana pua ya paka. Alinusa kona hii, akanusa ile, harufu ikamfikisha mbele ya picha ya Kaneo.

"Haya, nani kaolewa humu?" akauliza kwa mzaha.

Hapo akaona kwamba bwana harusi wa kwenye picha, ambaye wiki tatu zote alizomfuta vumbi alikuwa anatazama mbele kama askari, sasa kichwa chake kilikuwa kimegeuka kidogo upande wa mkewe. Akajiambia ni macho ya uzee. Upande ule hakuufagia vizuri. Mwenyewe anakataa mpaka leo, lakini mji mzima tunajua.

Kaneo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Alianguka kutoka paani akikwangua theluji, mwaka ule theluji ilipofika madirishani. Na huku kwetu Yamagata, kijana akifa kabla ya kuoa, wazazi humchoresha picha ya harusi wakaitundika hekaluni, ili huko aliko asikae mpweke akaanza kuwatolea macho walio hai. Mke wa kwenye picha huwa hayupo duniani: uso wa kubuni, jina la kubuni. Ukichora mtu anayepumua ukamwandika na jina, umemwoza. Mumewe atakuja kumchukua. Hilo hata mlevi wa stesheni analijua.

Sasa picha ya Kaneo ilivujiwa na maji hekaluni, uso wa mke ukafutika, pakabaki weupe tu. Watawa wakaitoa kwa makumbusho ihifadhiwe.

Asiyejua mwiko huu alikuwa Mwalimu Nozomi. Mwanamke mpole, katokea Sendai, kasoma mpaka basi, na kazi yake pale makumbusho ni kupokea wanafunzi, kuwatembeza vyumbani, na Jumamosi kuwafundisha kuchora. Hakuna aliyemwonya, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu mzima asiyejua. Na watoto wa siku hizi wao wanajua simu.

Basi Jumamosi, siku mbili kabla ya harufu ile, alikuja na watoto kumi na wawili wa sekondari. Alikuwa ametoa kopi za picha ya Kaneo, uso wa mke ukiwa mtupu, na chini amepiga mstari wa kuandika jina. Akawakalisha wawili wawili, wanatazamana. "Mke huyu alikuwa nani? Mpeni uso."

Wengi walichora upuuzi. Mmoja alimpa Kaneo paka, mwingine alimwoza mcheza mieleka. Lakini Fumika, yule binti wa fundi saa, ana mkono wa ajabu, na mbele yake alikaa rafiki yake Izumi.

"Tulia wewe, usitikise kidevu," Fumika akasema.

"Ala! Unanichora mimi? Unaniozesha kwa maiti?"

"Shukuru umepata. Kwa meno hayo, aliye hai nani angekuchukua?"

Darasa likaangua kicheko, Izumi naye akacheka akiwa amefunika mdomo. Fumika akamaliza, na pale kwenye mstari akaandika: Izumi. Mwalimu Nozomi aliinyanyua karatasi juu watoto wote waione, na kwa furaha yake akaitundika ukutani, ubavuni mwa Kaneo. Watoto wakapiga makofi.

Tazama hapo. Uso upo, jina lipo, kakabidhiwa mbele ya mashahidi, na vifijo juu. Harusi imekosa nini?

Jumanne Izumi alikataa wali. Mama yake ana duka la tambi karibu na stesheni, na mtoto wa duka la tambi kukataa chakula ni habari ya kufika mpaka kwa jirani wa saba. Alitaka maji tu, na aliyanywa kwa kikombe kidogo, mafunda matatu, akapumzika, matatu, akapumzika, matatu. Ndivyo wanywavyo maharusi wetu pombe ya ndoa. Mama Izumi aliona, akajifanya hakuona.

Jumatano binti alitoka kuoga amevaa kimono ya kulalia, upande wa kulia juu ya wa kushoto.

"We Izumi! Unavaa kama maiti! Geuza haraka!"

"Wamenivisha hivi, mama."

"Nani wamekuvisha?"

"Hao wanawake wanaonivisha." Alisema kwa upole, kama mtu anayemtambulisha mgeni, na hakugeuza.

Mama Izumi akamgeuzia mwenyewe. Ngozi ya mtoto ilikuwa baridi kama tofu iliyotolewa kwenye maji.

Alhamisi, saa sita mchana, jua kali na paa limeshakwanguliwa tangu juzi, wateja wawili wakiwa mezani, pakasikika beleshi juu. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Mama Izumi akatoka nje kutazama. Juu ya paa hapakuwa na mtu, wala theluji ya kutosha kujaza bakuli. Aliporudi ndani, Izumi, ambaye hakwenda shule, alikuwa amekaa kwa magoti karibu na jiko, macho kayainua darini, na midomo yake haikuwa na rangi hata kidogo.

"Anatukwangulia paa," akanong'ona. "Ni mchapakazi, mama. Kasema akimaliza upande wa kaskazini tunaondoka."

Upande wa kaskazini wa paa lile si mkubwa.

Mama Izumi hakuvua hata aproni. Alimwachia mumewe mtoto, akakimbilia kwa Bi Tamae, maana habari ya harufu ilikuwa imeshazunguka mji mzima (msiniulize nani aliizungusha), na wawili hao wakamvuta Mwalimu Nozomi mpaka chumba cha pili, yeye akiuliza kuna nini, kuna nini, mpaka akajionea mwenyewe. Kwa maana ile karatasi, ambayo Fumika aliichora kwa penseli tupu, penseli ya kijivu ya bei rahisi, sasa ilikuwa na rangi, mashavu yamewiva, midomo myekundu inang'aa kama imelambwa sasa hivi, na jasho dogo juu ya nyusi, na Kaneo hakuwa tena amegeuza kichwa tu bali mwili mzima, na ule mkono wake uliokuwa umetulia gotini siku zote ulikuwa umetoka, umefika ukingoni mwa picha yake, vidole vimekunjuka, kama wa mtu anayengoja kupokea kitu kizito.

"Mungu wangu, ni mimi," Mwalimu Nozomi akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyeitundika."

Akairukia karatasi aichane. Kona ya juu ilipasuka kidogo tu, si zaidi ya ukucha. Simu ya Mama Izumi ikalia. Alikuwa mumewe, anapiga kelele: paji la uso la Izumi limepasuka, kakaa tu, hakuna kilichomgusa, damu inatiririka.

"Iache!" Bi Tamae akamshika mwalimu mikono. "Iache hivyo hivyo. Mimi nakwenda kumleta shangazi."

Shangazi yake ni Bibi Sawano, miaka themanini na minne, wa mwisho kwetu katika wale wanawake vipofu wanaoita wafu. Surua ilimpofusha akiwa na miaka miwili. Hakuolewa, enzi zile kipofu alifundishwa kuita wafu, na aliyeita wafu hakuposwa. Ulimi wake haujawahi kupofuka. Alishushwa garini akiwa na tasbihi yake ya mbegu nyeusi shingoni, akasema, "Hapa ndipo mnapofundisha watoto kuona? Mmewafundisha vizuri."

Wakaja wote: Izumi amebebwa na baba yake, kitambaa cha damu kichwani, Fumika, analia kimya kimya, mama, mwalimu. Mlango ukafungwa. Bibi Sawano akakaa sakafuni, akasugua tasbihi, akaimba kwa sauti ya puani, na kitambo kidogo mabega yake yakapanuka, shingo ikakaza, pepo akapanda. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana ambaye ndevu hazijamtoka.

"Kwa nini mnanitazama kama mwizi?"

"Kaka Kaneo," Mama Izumi akasema, kainamisha paji mpaka sakafuni, "ni mwanangu mmoja tu. Ana miaka kumi na tatu. Nakuomba."

"Sikuiba. Nimepewa. Kwa jina lake. Mkapiga makofi, nilisikia." Sauti ikakatika, ikarudi taratibu. "Paa lenu nimelikwangua. Nani mwingine kawakwangulia? Miaka yote nimekaa na mwanamke asiye na uso. Mnajua kukaa na mtu asiye na uso?"

Izumi kwenye mapaja ya baba yake alianza kujinyoosha, miguu imebanwa pamoja, ikipiga hewani hatua fupi za mtu aliyefungwa kimono ya sherehe, akiwa bado amelala.

"Tutakupa mwingine," mwalimu akasema. "Uso mwingine."

"Wa mtu asiyekuwepo," pepo akasema. "Mkinipa wa mtu aliyepo, nitakwenda kwake. Na mnipe kabla sijamaliza paa. Kimebaki kipande."

Akashuka. Bibi Sawano akakohoa, akaomba chai.

Wakampa Fumika karatasi na penseli. Alichora huku machozi yanadondoka. Uso wa kwanza, Bi Tamae akatazama: "Huyo binti wa posta." Ukachanwa. Wa pili, mwalimu akashika mdomo: "Huyo dada yangu." Wa tatu alikuwa muuza samaki kabisa, ila kapunguzwa miaka. Mtoto wa watu amefundishwa kuchora anachokiona. Kila alichobuni kilikuwa na mwenyewe. Mwalimu naye alijaribu, akatoka na mwanafunzi mwenzake wa chuo. Na kule juu, juu ya paa la makumbusho sasa, si la duka la tambi, beleshi likaanza. Kwaruu. Kwaruu. Izumi akaacha kupumua kwa hesabu ya kumi, akapumua, akaacha kwa hesabu ya ishirini, na baba yake akawa anamwita jina lake sikioni, jina lile lile lililoandikwa ukutani, mpaka mkewe akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nipeni mimi hiyo penseli," Bibi Sawano akasema.

"Shangazi, wewe huoni!"

"Ndiyo maana. Uso wa mtu sijauona tangu nina miaka miwili, hata wa mama siukumbuki. Ninaochora mimi utakuwa wa nani?"

Wakatazamana. Ilikuwa kweli tupu. Mwalimu akamwekea mkono juu ya karatasi, penseli ikaanza. Walitegemea mikwaruzo. Lakini mkono wa bibi ulikwenda polepole bila kusita, kama anayetandika kitanda chake mwenyewe gizani. Ukatoka uso wa msichana: kipaji kipana, nyusi nyepesi, mdomo mdogo umekazwa upande mmoja kama anazuia kicheko. Bi Tamae akautazama, akatikisa kichwa. Mwalimu hamjui. Wazazi hawamjui. Fumika, mwenye jicho la mwewe, akauangalia kuliko wote: "Sijawahi kumwona."

"Na jina, bibi?"

"Jina nitamwambia mwenyewe." Akaongozwa mpaka ukutani, akaweka mdomo kwenye sikio la Kaneo lililochorwa, akanong'ona. Kisha akautundika uso ule kwa mikono yake, na wa Fumika akaubandua. Haukupasuka. Ulikuwa umerudi kuwa penseli tupu, ya kijivu.

Juu ya paa beleshi lilianguka, likateleza, likanyamaza.

Izumi akafungua macho. "Mama, mbona wote mpo sakafuni? Kuna tambi?" Mama yake akampiga kibao, kisha akamkumbatia, kisha akalia mpaka akapaliwa.

Asubuhi ya siku ya sita baada ya hapo, Bibi Sawano alikutwa amekufa kitandani kwake. Uzee, daktari alisema, na sisi tukaitikia, uzee.

Mazishini wote walikuwepo, Izumi na kovu lake kwenye paji la uso. Kwetu picha ya marehemu huwekwa mbele, juu ya maua, na Bibi Sawano alichukia kupigwa picha, akisema haina faida kwake. Katika nyumba nzima Bi Tamae alipata moja tu, kwenye bati la biskuti, ya alipokuwa na miaka ishirini. Mtawa akaiweka kwenye fremu, akaivua kitambaa.

Fumika ndiye aliyepiga ukelele. Mwalimu Nozomi alikuwa kashika ubani, ukamwangukia miguuni. Kipaji kipana. Nyusi nyepesi. Mdomo mdogo umekazwa upande mmoja. Ni kweli macho yake hayakuona uso wa mtu, lakini miaka themanini na zaidi alikuwa ananawa wake kila asubuhi kwa vidole vile vile.

Mama Izumi akaanguka magoti mbele ya jeneza. Watu wakanong'ona: maskini, hakujua, mkono ndio uliomponza. Bi Tamae peke yake hakunong'ona. Alikuwa mweupe kama karatasi.

"Alijua," akasema. "Siku ile namleta makumbusho alinisimamisha dukani, akaniambia nimnunulie rangi ya midomo. Nikamwambia, shangazi, mtoto wa watu anakufa, nawe na miaka yako themanini na minne unataka kujipaka kwa ajili ya nani? Akaniambia, 'Nunua nyekundu. Na usiniletee ya kizee.'"