Ubao Utagongwa

Saa moja asubuhi.

Chumba cha nyuma, kilabuni kwa Pernette. Renaud, mkuu wa genge, alichovya kidole kwenye divai akachora mezani.

"Hapa kanisa. Hapa chumba cha wagonjwa. Mtawa akikaribia kukata roho, wanagonga ubao. Wote wanakimbia kumlaza kwenye majivu na kumwombea. Hata bawabu."

"Na mkono unabaki peke yake," Guibert akasema.

Mkono wa mtakatifu: mfupa ndani ya dhahabu tupu. Lakini Guibert alimtaka mdogo wake, Odilo, aliyetolewa kwa watawa akiwa na miaka saba. Kwa sheria yao hatoki hadi afe. Guibert alikuwa amemwahidi farasi.

"Dogo kasema yule mtawa mgonjwa, mzee Anselm, hamalizi siku ya leo," Renaud akasema.

Mezani palikuwa na mkate wa moto uliojazwa samaki, mkunga wa mtoni. Guibert akanyoosha mkono. Renaud akamchapa.

"Acha ulafi! Wa dogo huo. Mpelekee."

Saa tatu.

Odilo alitokeza uso kwenye kidirisha cha jikoni kwa watawa.

"Kaka, mambo yameharibika. Mzee kaamka. Kanywa supu bakuli mbili, sasa anagombeza kila mtu."

"Tutaona. Shika, kula. Umekonda mno."

"Mkunga! Umenikumbuka, kaka." Nusu aliimaliza palepale. "Farasi wangu wa rangi gani?"

"Utamwona mwenyewe."

Nyuma ya ukuta Renaud alikuwa na farasi wawili.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Mtoni."

"Mzee hafi leo. Tuahirishe."

"Hatuahirishi. Ubao utagongwa. Dogo kala?"

"Kala."

"Safi."

Guibert akaona huo ni wema. Mjinga mkubwa! Miaka kumi na Renaud, lini alimsikia akiuliza kama mtu kala?

Saa sita.

Ubao ukalia. Nyayo zikatimka uani. Guibert akaingia kwa dirisha, akavunja kasha, akauficha mkono chini ya joho. Kanisa lilikuwa kimya. Akageuka. Mzee mwenye fimbo alisimama mlangoni, akihema.

"Mwanangu, nibebe hadi chumba cha wagonjwa. Wenzangu wameniacha."

"Wewe nani?"

"Anselm."

"Sasa nani anakufa?"

"Odilo wetu, wa jikoni. Anatapika damu. Sijui kala nini."

Alimbeba mzee mgongoni akakimbia. Watawa wakawapisha. Odilo alikuwa sakafuni juu ya majivu, midomo imekuwa ya buluu. Akamwona kaka yake, akajaribu kutabasamu.

"Kaka. Farasi wangu… yupo?"

"Yupo. Mwekundu. Anakusubiri."

Odilo hakusema tena. Guibert alimfumba macho kwa mkono uleule uliompa mkate.

Kwenye ukuta Renaud alikuwa tayari juu ya farasi.

"Umechelewa, bwana! Lete."

Guibert alimshika mguu, akamvuta chini, akampa dhahabu ya kichwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akarudi uani, akachukua nyundo, akaugonga ubao mwenyewe.

Watawa wakatoka mbio. Anselm akaja wa mwisho, akaona damu kwenye dhahabu.

"Nani tena?"

"Mmoja yuko ukutani. Mimi niitieni mnyongaji, sikimbii." Akaweka mkono wa mtakatifu chini. "Ila mdogo wangu mzikeni nje ya ukuta. Nilimwahidi kumtoa."