Samaki wa Wageni

Maiti ya Roger mlinzi ililala kifudifudi ukingoni mwa bwawa la samaki, miguu majini. Inspekta Alphonse alipoigeuza, watu wakarudi nyuma. Uso mzima ulikuwa vipele vyeusi, vigumu kama mbegu.

"Sumu!" sauti ikapasuka. "Ni yule mwanamuke wa Bibokoboko! Ye ndiye alikuwa anamuletea maziwa!"

Basi, ilitosha. Ulikuwa mwaka wa 2001, na pale mjini Baraka vita vilikuwa vimeshawazoeza watu kuuana kwa sababu ya mlima mtu alikotoka. Kabla jua halijawa kali, Nyirabahire, muuza maziwa wa Bibokoboko, mlima wa wafugaji, alikuwa mahabusu, na nje ya ofisi ya polisi watu wenye mapanga walikuwa wakiongezeka. Polisi wenyewe walikuwa na bunduki moja, na risasi zake Alphonse hakuziamini.

"Ulimpa nini marehemu?"

"Maziwa, Shefu. Alisema tumbo inamuuma."

"Na samaki wa bwawa je, mlikula pamoja?"

"Samaki? Sisi hatukulake samaki. Tangu bababu. Hata harufu yake inanishinda."

Dirishani mtu akacheka. "Munasikia? Hakulake! Nani atakula sumu yake mwenyewe?"

Hapo Alphonse akaogopa kweli. Mwiko wa wafugaji, wa zamani kuliko vita, ulikuwa umegeuka ushahidi wa kumkatia mtu shingo.

Akakimbilia zahanati. Muuguzi Clarisse alikuwa ameshaiosha maiti uso. Akafunua kola ya shati. Alama nyembamba ya kamba ilizunguka shingo.

"Hii ndiyo ilimuua," alisema. "Bipele ni bya zamani. Roger alikuja kunionesha."

"Vinatokana na nini?"

"Shuleni, Bukavu, walituonesha picha ya bipele kama hibi. Ni sumu inaitwa dioksini. Ukichoma mafuta ya transfoma na nyaya, inazaliwa mu moshi na majivu. Inashuka mu maji, inakaa mu tope. Bidudu binakula tope, samaki inakula bidudu. Haitoke tena, Shefu. Inajilundika mu mafuta ya samaki, kisha mu mafuta ya muntu. Na Roger, kazi ya kulinda bwawa walimulipaka bichwa na matumbo ya samaki."

"Una hakika?"

"Bila maabara? Barabara ya Uvira imefungwa. Nilimwambia tu, acha samaki ya ile bwawa. Ni wiki mbili sasa."

"Ulimwambia nani mwingine?"

"Nani? Kwa vita hii, niseme samaki iko na sumu? Wangeniua mimi kwanza."

Alphonse akapita kwenye kiwanda cha pamba kilichokufa, mlimani juu ya bwawa. Transfoma zake za zamani zilikuwa zimepasuliwa kama nazi. Hakukuwa na uzi hata mmoja wa shaba. Majivu tu, na mfereji mweusi uliochimbwa na mvua, ukishuka moja kwa moja mpaka majini.

Bwawa lilikuwa la Albert, mtu wa ukarimu. Alphonse alikuwa amekula kwake mara nyingi; akaenda tena.

"Karibu, Inspekta! Kula kwanza, kazi haikimbie."

"Mara ya mwisho uliongea na Roger lini?"

"Mwezi umepita. Hata sikujua kama anaumwa."

Mkewe, Dorothée, akaweka bugali, sombe ya majani ya muhogo na kambare mnene anayeelea katika mafuta yake. Akakata kipande cha tumbo, kile cha heshima, akamwekea mgeni. Albert akavuta sombe.

"Papa Lionel, na samaki?" mkewe akamuuliza.

"Nimeichoka."

Dorothée akacheka. "Mutoto wa ziwa anachoka samaki! Shefu, wiki mbili anatukataza ya bwawa. Hata sufuria yangu aliimwaga. Siku hizi ile samaki ni ya wageni na ya basoda tu, wale askari wa kambi."

Alphonse akaisukuma sahani pole pole.

"Kule ofisini kuna mama watu wanataka kumkata mapanga kwa sababu hali samaki. Yeye hajala tangu kuzaliwa. Wewe umeacha wiki mbili. Clarisse alimwonya Roger peke yake. Wewe nani alikuonya?"

Albert akamtazama mkewe.

"Nawe unasema hujaonana na Roger mwezi mzima."

"Dorothée, toka inje."

"Sitoke."

Albert akatazama mikono yake.

"Basoda walimubeba mutoto wetu Lionel kambini. Wakasema, leta shaba. Tulichoma transfoma, mimi na Roger. Shaba ikaisha, wakasema, leta samaki. Kila Ijumaa napeleka, namwona mutoto kwa mbali, iko muzima, narudi. Kisha Roger akanipa onyo ya Clarisse; jana usiku akarudi, anasema, Jumapili nitawaambia bantu kanisani samaki iko na sumu. Nilipiga magoti, Inspekta! Basoda wakijua nimewalisha sumu, risasi ya kwanza ni ya Lionel. Roger akaniuliza, na batoto ba wengine? Akanipa mugongo. Kamba ya wavu ilikuwa mu mukono yangu."

"Na Nyirabahire?"

"Nilisikia wanamutaja. Nikanyamaza."

Dorothée alikuwa ameshika ukuta. "Wiki iliyopita mama yangu alikuja. Nilimupa tumbo. Ulikuwa unamuangalia, Albert. Ulikuwa unamuangalia anakula."

Albert akanyoosha mikono ipigwe pingu. "Sema niliua. Samaki usiitaje. Lionel yuko kule."

Mbele ya umati Alphonse alitangaza: muuaji ni Albert, amekiri. Mapanga yakashuka moja moja, kwa aibu na kwa hasira. Nyuma yao askari wa kambi walisimama wakisikiliza. Maneno ya samaki yakamfika Alphonse kooni. Akayameza.

"Bwawa ni eneo la uchunguzi," alisema. "Asivue mtu. Hata mmoja."

"Na samaki yetu ya Ijumaa?" askari akauliza.

Ijumaa ilikuwa kesho.

Alphonse akamfungulia Nyirabahire mlango wa nyuma, amwoneshe njia ya mlimani. Mama yule alisita, akamtazama shingoni kwa muda.

"Shefu," akasema kwa sauti ndogo, "na wewe uko na bile bipele bya Roger. Pale, nyuma ya sikio."