Sauti ya Ekta

Jumatatu asubuhi Wahu alipofungua maktaba ya Kabiria, alikuta droo moja ya kabati la kadi imechomoza nje. Alikuwa ameifunga Ijumaa kwa mkono wake. Akainama airudishe, akaona kadi mpya mbele ya nyingine. Mwandiko ulikuwa wake, lakini hakukumbuka kuiandika.

Ekta. Aondoke.

Akaichana haraka. Ijumaa jioni, akiwa peke yake kati ya rafu, alikuwa ametamka maneno hayohayo: huyu msichana aondoke tu.

Wahu alikuwa amefanya kazi hapo miaka ishirini na miwili. Kila kitabu kilikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa imepita mkononi mwake. Kisha kaunti ikaamua maktaba iwe ya kisasa. Bajeti ilitosha kompyuta tatu kuukuu na nafasi moja ya msimamizi. Wahu aliisubiri nafasi hiyo. Ikaenda kwa Ekta, binti wa miaka ishirini na saba, mwepesi wa kucheka. Wanafunzi ambao zamani waliingia kujikinga mvua tu, sasa walipanga foleni. "Madam Ekta yuko?" waliuliza, wakimpita Wahu kama kiti.

Kilichomuuma zaidi ni kisa cha Jumatano. Ekta aliwakalisha watoto sakafuni akawasomea hadithi, mara sauti ya fisi, mara ya bibi kizee, nao wakapiga kelele wakitaka nyingine. Wahu alikuwa pembeni akipangusa vumbi. Laiti sauti hiyo ingemkauka, aliwaza. Hakusema. Aliwaza tu.

Alhamisi droo ilikuwa wazi tena. Ekta. Sauti.

Saa nane mchana, katikati ya hadithi, Ekta alifungua mdomo pasitoke kitu. Akajishika koo. Watoto wakacheka, wakidhani ni mchezo, mpaka walipoona machozi.

Madaktari hawakuona ugonjwa. Ekta akawa anawaandikia watu kwenye karatasi, na Wahu akawasomea watoto badala yake. Siku ya kwanza alifurahi.

Siku ya tatu Ekta alikuwa amekwenda hospitalini kupimwa tena. Mvua kubwa ikanyesha mchana, stima zikapotea, wasomaji wakaenda zao, na Wahu akabaki akirudisha vitabu mahali pake, akasikia droo moja ikifunguka taratibu, kisha ya pili, kisha nyingine na nyingine, kama mtu anayetafuta jina, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, ikamfuata kila aliposogea mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na hapo, karibu kabisa na sikio lake, ingawa kabati lilikuwa upande wa pili, akaitwa kwa sauti tamu aliyoijua.

"Wahu. Nimfanye nini tena?"

Ilikuwa sauti ya Ekta.

Alikimbilia langoni kwa askari, Mzee Kuria. "Mzee, kuna kitu huko ndani," alinong'ona. "Kimechukua sauti ya huyo msichana."

Kuria hakucheka. "Hata mimi huwa nasikia. Si panya hiyo. Kuna mama mmoja Mnubi huko Kibra, Bi Zamzam. Hizo vitu anazijua."

Bi Zamzam alikuja kesho yake mchana na chetezo cha ubani. Alilizunguka kabati mara moja, akakunja uso.

"Huyu jini alikuwa amelala. Kuna mtu amemlisha wivu. Mimi nitasoma, lakini hatoki mpaka huyo mtu amfukuze mwenyewe, na akiri mbele ya aliyemdhuru."

Ekta alikuwa amesimama mlangoni. Wahu akatazama sakafu.

Bi Zamzam akaanza kusoma aya, na droo zikatetemeka. "Nyamaza," ile sauti ikamwambia Wahu peke yake. "Asiyeweza kusema hawezi kuongoza maktaba. Nafasi ni yako. Nyamaza tu."

Akanyamaza. Bi Zamzam alisoma mpaka jasho likamtiririka, na Wahu bado amenyamaza. Ekta, akidhani mwenzake ameshikwa na hofu, akaja akamshika mkono.

"Ni mimi," Wahu akasema. "Ekta, ni mimi. Nilikuonea wivu. Nilitaka uende. Nilitaka sauti yako ikauke." Akaligeukia kabati. "Na wewe toka! Sitaki kitu yako! Toka!"

Droo zote ziliruka nje kwa pamoja. Kadi zikatapakaa hadi mlangoni, kioo cha dirisha kikapasuka, na kukawa kimya.

Ekta akakohoa.

"Madam Wahu," alisema, sauti ikikwaruza. Akautoa mkono wake polepole. "Nyumbani nilikuwa nawaambia nimepata auntie kazini."

Mwisho wa mwezi aliacha kazi, akapata nyingine kwenye maktaba ndogo huko Kinoo. Wahu akapewa nafasi yake.

Baada ya miezi mitano alishuka Kinoo kwenda kumwomba msamaha. Alipofika dirishani akamwona Ekta amekaa katikati ya watoto wengi kuliko wale wa Kabiria, wote midomo wazi. Kifua cha Wahu kikawaka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akijitahidi asiwaze lolote, lolote kabisa, akasimama pale nje hapumui vizuri mpaka hadithi ikaisha salama.

Kisha akaenda zake bila kubisha hodi.