Nilikalia Foteli za Mama Aliyenilea, Nikanyamaza

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto wawili, na ninaishi Ndosho hapa Goma. Haya ninayowaandikia sijamwambia hata padri. Kila nikienda kuungama natubu hasira na masengenyo, kisha narudi nyumbani na dhambi yenyewe bado ninayo. Leo nawaambia ninyi msionijua. Nihukumuni mtakavyo!

Nilizaliwa katika mji mdogo wa Kiwanja. Nilipokuwa na miaka kumi na minne vita vilitukimbiza, nikafika Goma peke yangu na nguo moja mwilini. Aliyenipokea ni mama mmoja wa Butembo, Mama Masika, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa na nyumba yake mtaa wa Murara hapa mjini. Hatukuwa na undugu wowote. Alinilisha, akanisomesha, na nilipoolewa na Innocent, yeye ndiye aliyesimama kanisani kama msimamizi wa ndoa yetu. Tangu siku hiyo namwita Marraine, na yeye ananiita mutoto wangu.

Vita vilipoingia mjini, Marraine, ambaye mumewe alikuwa amekwisha kufariki, alifunga nyumba akakimbilia kwao Butembo. Sisi tulibaki. Tungeenda wapi? Nyumba tuliyopanga ilivunjwa na bomu, tukatoka na watoto na sufuria mbili tu. Baada ya muda Innocent, ambaye ni dereva wa moto, yaani pikipiki, alipata nyumba ya mbao ya vyumba viwili huku Ndosho. Ndani kulikuwa na mkeka na mabidoni, yale madumu ya maji. Mgeni akija, anakalia bidoni!

Sasa, sisi Wakatoliki tuna shirika, familia za jirani zinazosali pamoja kila wiki, kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu yetu ilikuwa inakaribia. Mnawajua akina mama wa shirika? Mdomo unasali, jicho linakagua viti! Aibu ilininyima usingizi.

Siku hizo kando ya barabara kulijaa vitu vilivyotumika: vitanda, makabati, hata milango iliyong'olewa na bawaba zake. Kila mtu alijua vimetoka wapi. Tuliviita vitu vya pillage, vilivyoporwa katika nyumba za waliokimbia. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Watu walinunua huku wakiangalia pembeni, na mimi nikaenda kuangalia pembeni pamoja nao.

Hapo ndipo nikaiona... Salon, seti ya viti vya sebuleni, foteli nne za mbao ya libuyu, mito ya kijani, na kwenye mkono wa ile kubwa alama nyeusi ya pasi. Jamani! Alama hiyo niliiweka mimi mwenyewe, nilipokuwa msichana, siku nilipoacha pasi ya makala nikakimbia kuanua nguo mvua ilipoanza. Marraine hakunipiga. Alicheka tu, akasema sasa foteli hiyo ni yangu.

Nikajiambia: ninaziokoa. Nitamtunzia, akirudi nitamrudishia, atanishukuru. Nilifikiri hivyo kweli, siwadanganyi. Nikalipa, nikaita mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikatembea nyuma ya mzigo ule hadi nyumbani nikijisikia kama bibi harusi. Innocent nikamwambia nimenunua kwa familia inayohama.

Shirika likaja, wakakaa, wakasifu. Mama mmoja akanitania mbele ya wote: «Eh, weye sasa uko mukubwa! Tutakuwa tunasali kwako kila juma!» Nilicheka mpaka machozi. Baada ya kuishi kama mkimbizi, mnajua utamu wa kusema «karibu, kaa», ninyi ndio mkiwa mnakaribisha? Tangu siku hiyo sikujiambia tena kwamba ninaziokoa. Nilisema salon yangu.

Wiki mbili baadaye Marraine akanipigia simu kutoka Butembo. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba nyumba yake imeporwa. Sauti yake ilikuwa ya upole.

«Mutoto wangu, ile salon yangu haukuiona fasi fulani? Kama iko kwa mutu, hata mutu gani, uniambie tu. Sitakasirika.»

Lilikuwa jibu la maneno mawili tu. Iko kwangu! Lakini nikaona aibu. Atauliza kwa nini sikumpigia siku ile ile niliyonunua. Atafikiri nini juu yangu, mtoto aliyemwokota? Na nikiirudisha, watoto watakaa wapi? Ulimi ukanisaliti.

«Hapana, Marraine. Balibeba byote.»

Kisha akasema asante, Mungu anilinde pamoja na watoto.

Mficha uchi hazai... lakini mimi nilizidi kuficha! Hofu ikaniingia. Je, kama mtu wa Murara ataingia kwangu na kuitambua? Nikazipeleka kwa fundi mmoja mzee wa hapa Ndosho. Nikamwambia apige randa mkono ule mpaka alama iishe, apake vernisi, atoe vyote vya ndani ya mito avitupe, aweke sponji mpya na kitambaa chekundu. Zikarudi zinang'aa. Hata mimi niliziangalia mara mbili.

Miezi ikapita, Marraine akarudi. Ndani ya nyumba yake alimkuta mwanamume asiyemjua, amehamia na familia yake, anadai aliinunua kwa marehemu mumewe. Mama wa watu hakuwa na pa kwenda. Akaja kwangu na mfuko mmoja mkononi. Nikamkaribisha akae... kwenye foteli yake mwenyewe!

Akaweka mikono yote miwili juu ya mbao, akatabasamu. «Salon ya muzuri, mutoto wangu. Mungu alikukumbuka.»

Nilikimbilia jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa, ili nipate cha kusingizia machozi.

Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, akanieleza shida yake. Kwenye ofisi ya ardhi walimwambia alete karatasi za parsele yake, za kiwanja na nyumba, na yule mtu atatolewa. Bila karatasi, hawawezi kumsaidia.

«Karatasi niliogopa kupita nazo njiani,» akasema. «Kule banasachaka kila mutu, mpaka ndani ya mufuko. Nilizishona ndani ya muto wa ile foteli kubwa, nikasema nitarudia. Kwa simu sikuweza kukuambia, simu iko na masikio. Njo maana nilikuuliza tu kama uliona salon.»

Ndugu zangu! Nikasema nakwenda sokoni mara moja, nikachukua moto hadi kwa fundi. Nilisali njia nzima. Nilimwahidi Mungu kila kitu.

Yule mzee hakunificha neno. Alikumbuka vizuri.

«Ndiyo, mama, kulikuwa karatasi ndani ya sashe ya plastiki. Lakini weye njo ulisema bitu byote bya ndani tutupe, hautaki hata kubiona. Sponji tulikata, tukauzisha ya kujaza mito ya kulalia. Karatasi, muke wangu aliwashia nayo makala. Hajue kusoma.»

Nilipiga magoti pale pale kwenye maranda ya mbao. Ningemlaumu nani? Maneno yale niliyasema kwa kinywa changu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Marraine yote. Ununuzi, simu, randa, kitambaa chekundu, makala. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, nikingoja kofi. Ningelishukuru kofi hilo! Aliugeuza mto, akaupapasa mshono mpya kwa kidole, kisha akaniuliza jambo moja tu.

«Siku nilikupigia simu, karatasi zilikuwa bado ndani?»

«Ndiyo, Marraine.»

Nikamwambia azichukue foteli zake leo leo, naita chukudu sasa hivi, nalipa mimi. Akaniangalia bila hasira yoyote.

«Nitaziweka wapi, Furaha?»

Aliniita jina langu. Miaka yote ile hakuwahi kuniita jina.

Alirudi Butembo. Yule mtu yuko Murara hadi leo, amepaka nyumba rangi mpya. Nilikwenda ofisini kutoa ushahidi, nikalia mbele yao, wakanijibu kwamba wanahitaji karatasi. Tangu ajue yote, Innocent hanisemeshi ila mambo ya watoto. Kila Jumapili nampigia Marraine, simu inaita mpaka inakatika. Nifanye nini? Niambieni, kwa sababu mimi nimekwisha kushindwa.

Msomaji mwenzangu unayehamia nyumba mpya, kukalia bidoni si aibu. Kabla ya kununua kitu kilichotumika, uliza kimetoka kwa nani. Na kama unamjua mwenyewe, mpigie kabla hujakizoea, maana ukikizoea ulimi unakuwa mzito. Zaidi ya yote, mtu akikuuliza kwa upole jambo unalolijua, mjibu. Hujui anachokuuliza hasa ni nini.