Mrusho Usiokatika

Ukumbi mzima uliinua simu, na picha zikaruka. Picha za harusi, za mashamba ya chai, za watoto wachanga, zote zilitoka mikononi mwa watu bila waya wowote na kutua kwenye ukuta-kioo, ile skrini pana iliyoziba upande mmoja wa ukumbi. Watu walipiga makofi.

Mhandisi Sekela Mwambene alitabasamu jukwaani. Mtambo huo aliuita Mrusho, na ulikuwa umewashwa asubuhi hiyo kwa mji mzima.

"Zamani ulilazimika kuiunganisha simu na kompyuta kila mara," alieleza. "Sasa zikishajuana mara moja, hazisahauliani. Hata ukiwa mbali, picha zako zitafika zenyewe."

Simu yake ikatetemeka. Alikuwa Bupe, mdogo wake, aliyekuwa amejificha kwake pamoja na bintiye Lusajo tangu alipomkimbia mumewe, Ambakisye, aliyekuwa akimpiga.

"Dada, simu yangu imeandika 'Skrini ya nyumbani imepatikana.' Nyumbani wapi?"

Sekela alikumbuka. Miaka ya nyuma, simu ya Bupe iliwahi kuunganishwa na kompyuta ya Ambakisye kule nyumbani kwao.

"Zima simu, Bupe! Leo umepiga picha gani?"

"Ya Lusajo tu, akiingia shule." Kisha Bupe akakumbuka. "Dada... nimempiga picha pale getini. Jina la shule linaonekana."

Sekela alishuka jukwaani bila kuaga. Ndani ya gari lijiendeshalo alimpigia mwalimu mkuu, akamsihi amfiche mtoto. Kisha akajaribu kuukata ule muungano. Mtambo ukamjibu kwa upole kwamba miungano haikatiki. Agizo hilo alikuwa amelitoa yeye mwenyewe, ili watu wasisumbuke. Akauzima Mrusho wote, mji mzima, akijua kwamba picha iliyokwisha kufika hairudi.

Alipofika, Ambakisye alikuwa amesimama mbele ya geti, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Roboti mlinzi ilikuwa imeusoma uso wake na kumkubali kuwa mzazi halali. Geti lilikuwa linafunguka.

"Shemeji!" alisema kwa furaha. "Asante sana. Picha imekuja safi kabisa."

Sekela alimpita, akasimama katikati ya geti. Hakusogea. Nyuma yake walimu walitoka mmoja mmoja, mpishi naye akaja na mwiko mkononi, wakapanga mstari. Ambakisye aliwatazama, akacheka kidogo.

"Mji wenyewe mdogo," alisema, akarudi kwenye gari lake.

Lusajo walimkuta stoo ya jikoni, amejikunyata nyuma ya magunia ya unga, ameuma kola ya sare yake asije akasikika akilia.

Jioni Bupe alifunga mizigo. Simu aliiacha mezani.

"Mnakwenda wapi?" Sekela aliuliza.

Bupe alimtazama. Hakuwa na hasira, bali woga, na sasa woga ule ulimhusu hata dada yake.

"Usiniulize, dada."

Sekela alitaka kumwomba amtajie walau mtaa tu. Badala yake alimfungulia mlango, akageuza uso ukutani, asione wameelekea upande gani.