Mapacha wa Kwenye Kioo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapchap alifagia chumba alicholala na dada yake. Nasema alifagia, ingawa vumbi lilihama tu kutoka mlangoni kwenda uvunguni. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, wala hakupewa bure.

Asubuhi ya maonyesho ya sayansi, mpini wa ufagio uligonga meza. Molekuli moja kati ya mbili alizofinyanga Dada kwa maonyesho hayo ikaanguka, pu! Ilikuwa tufe jeusi la udongo, yaani kaboni, lililochomekwa njiti nne zenye matufe madogo: jekundu, la bluu, la kijani na jeupe. Jekundu na la bluu yalikuwa yamechomoka. Chapchap akayachomeka harakaharaka popote palipokuwa wazi, akaangalia rangi. Zote zipo. "Nani atajua?" akajiambia, huyo, mbio shuleni.

Mchana ukumbi ulijaa wazazi na wanafunzi. Mshindi angeiwakilisha shule kwenye mashindano makubwa, na Dada aliitamani nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

"Tazameni mikono yenu," Dada alianza. "Vidole ni vilevile. Lakini laza kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto: vidole gumba vinaelekea pande tofauti! Ndivyo zilivyo molekuli hizi. Kila moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo. Iko molekuli inayonukia mnanaa, na pacha wake wa kioo ananukia mbegu za kiungo kiitwacho kisibiti. Wageuze utakavyo, hawalingani."

Akazigeuza. Zikalingana, rangi kwa rangi.

"Hao si mapacha wa kioo, ni wa fotokopi!" mtu akapaza sauti. Ukumbi ukaangua kicheko. Dada akazigeuza tena.

Chapchap alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Jana hazikulingana," Mama akanong'ona kando yake. "Mwanangu kakosea wapi?"

Chapchap akainama. Kisha akasimama.

"Hakukosea! Ni mimi. Niliiangusha, nikairudishia... nikanyamaza."

Mwalimu wa kemia akamwita mbele. "Haya, fundi. Matufe mawili yakibadilishana nafasi, molekuli hugeuka kuwa pacha wake. Badilisha jekundu na la bluu."

Akabadilisha watu wote wakimtazama, machozi yakidondokea udongo. Dada akajaribu tena. Zikagoma kabisa kulingana! Safari hii ukumbi ulipiga makofi, na jioni Dada akatangazwa mshindi.

Chapchap hakuthubutu kumtazama.

"Kuangusha ni ajali," Mwalimu alimwambia. "Na kukosea mahali pa tufe si dhambi, hukujua. Kosa lako ni kunyamaza. Ungesema asubuhi, dada yako angeitengeneza palepale, asichekwe na mtu. Ukiharibu, sema mapema."

"Nisamehe, Dada."

Dada akatabasamu.

"Nimekusamehe. Ila kuanzia kesho, ufagio utaushika kwa mikono yote miwili. Wa kulia na wa kushoto."