Umeme Ulikuwepo

Dirisha la majibu ya maabara lilifurika watu asubuhi ile, na aliyelalamika kuliko wote alikuwa mshonaji mmoja, gauni la kijani alilolishona mwenyewe likimkaa sawasawa. Fundi wa kompyuta wa hospitali alijipenyeza, leptopu kwapani.

“Wewe ndiye uliyezima hospitali?” mshonaji akamdaka.

“Mimi ndiye ninayeiwasha, dada. Seva, kompyuta kuu yetu, ni mpya. Kadi yake ya mtandao imo, ila Linux, mfumo unaoiendesha seva, haiitambui mpaka nitengeneze draiva, ile programu ya kuwakutanisha.”

“Kumbe ni mchumba ambaye hajatambulishwa kwa wazee!”

Fundi alicheka, nusura leptopu imponyoke. Nusu saa baadaye mshonaji alipata majibu ya baba yake, na nyuma ya karatasi, namba ya simu ya fundi.

Wakapendana. Fundi akamwita Kijani, kwa lile gauni. Baba yake, mgonjwa wa figo, alimwita fundi “mwanangu” kabla hata ya posa.

Miezi saba ikapita. Siku moja adhuhuri fundi alisasisha Linux, akaiwasha seva upya, akaenda kula. Draiva ile alikuwa ameitengeneza kwa mkono, kwa Linux ya zamani. Ilitakiwa itengenezwe tena. Alisahau. Kadi ikawa kama haimo, na seva ikakosa mtandao.

Simu ikalia.

“Mpenzi, baba amezidiwa. Daktari anasubiri vipimo vya damu, havifiki wodini. Kuna nini?”

“Umeme, Kijani.” Mdomo ulitangulia akili. “Narekebisha sasa hivi.”

Alihangaika saa mbili, jasho likimchuruzika kwenye kibodi. Vipimo vilipofika wodini, mzee alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mazikoni fundi alisimama nyuma kabisa. Kisha akaacha kupokea simu za Kijani. Wiki mbili. Kijani akaamini kuna mwanamke mwingine. Akamfuata hadi chumba cha seva, gauni jeusi likimpwaya.

“Ni nani huyo?”

“Hakuna mtu. Haukuwa umeme. Ni mimi.” Akamweleza yote bila kujitetea.

Kijani aliketi juu ya boksi la nyaya. Mashine ziliendelea kunguruma.

“Angepona?”

“Daktari hajui. Nami sijui.”

“Nani mwingine anajua ulichofanya?”

“Wewe tu.”

“Basi kaandike, kwa jina lako, umpe mkubwa wako. Kabla ya hapo usinitafute.”

Aliandika kurasa mbili siku hiyohiyo. Ijumaa alikabidhi funguo na kitambulisho, akatoka, akaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Akampigia Kijani. Simu iliita, ikaita. Alipokaribia kukata, alisikia cherehani ikikimbia, kisha ikanyamaza.

“Wameniachisha kazi,” alisema.

“Nimesikia.”

Mmoja wao alikuwa akilia, na fundi hakuwa na hakika ni nani.

“Sijakusamehe,” Kijani akasema.

“Najua.”

“Umekula?”

“Tangu jana, sijala.”

“Njoo.”